ZILE NDEVU SI PEPO, DADA YANGU



Neno la leo ni refu kidogo. Tafuta mahali ukae, uweke chai karibu, tusemezane.

Ninaongea na dada anayetembea na wembe kwenye mkoba. Unajijua. Ukiingia kanisani unatafuta kiti ambacho mwanga wa dirisha hautakupiga usoni. Mtu akikukumbatia unainamisha kidevu. Ukialikwa kwenye kongamano la akina mama la siku tatu, jambo la kwanza unaloulizia si nani atahubiri. Unauliza kama bafu lina mlango unaofungika.

Ninaongea pia na wewe unayeketi karibu naye, umeona, ukamwambia jirani yako. Kaa hapo hapo, usipite. Lako linakuja.

Haya sikuyasoma mahali. Mimi mchungaji wako ninanyoa. Kila baada ya siku mbili, kabla ya chai ya asubuhi, ninasimama mbele ya kioo na kunyoa kidevu na shingo. Najua wengine wenu mmeona alama mkaniombea kimya kimya. Asanteni sana. Leo nataka niwaambie jambo hili linaitwaje, ili mkiomba mjue mnaombea nini.

Lilianza nikiwa kidato cha pili, miaka 16, katika shule ya bweni huko Nyahururu. Wanaoijua Nyahururu wanaijua baridi yake ya saa kumi alfajiri. Ndiyo saa niliyokuwa naamka, mabweni yote yakiwa yamelala, nioge maji ya barafu na kunyoa gizani kwa kupapasa, ili kengele ikilia niwe tayari nimevaa sare na kufunga vifungo hadi juu. Hedhi yangu ilikuja mara tatu au nne kwa mwaka. Wasichana wenzangu waliniambia nina bahati, sinunui pedi. Nilicheka nao. Mashavu yangu yalijaa chunusi kubwa zenye maumivu, na kila mtu alisema ni ujana, zitaisha.

Likizo moja shangazi yangu alinikalisha kwenye kigoda nje ya jikoni, akachukua dodoki na kipande cha sabuni, akanisugua shingo mpaka ngozi ikawaka moto. Nyuma ya shingo palikuwa peusi, pamekunjamana, laini kama kitambaa cha mahameli. Alidhani ni uchafu. Shangazi alinipenda, alitaka tu niende kanisani nikiwa safi. Lakini ule weusi haukutoka, kwa sababu haukuwa uchafu. Mwili ulikuwa unaandika barua kwa wino mweusi, na pale nyumbani hakukuwa na mtu aliyefundishwa kuisoma.

Nilipofika miaka 24 nilikuwa naongoza sifa kanisani. Kwenye kesha moja mhubiri mgeni alishuka madhabahuni, akasimama mbele yangu, akanitazama kidevuni, kisha akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba ndani yangu mna pepo la kiume linalotaka kunigeuza mwanamume. Niliwekewa mikono mpaka saa kumi na moja alfajiri. Na mimi niliomba, wapendwa. Niliomba kwa machozi, kwa imani yote niliyokuwa nayo. Jumapili nikanyoa. Jumatano zikawa zimerudi.

Unajua kilichofuata? Mashtaka yakawa mawili. La kwanza, nina pepo. La pili, pepo halijatoka kwa sababu sina imani. Hapo mtu anatokea wapi?

Sasa njoo nami kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Hana amekuja Shilo na uchungu wa miaka. Hana mtoto, na mke mwenziwe anamchokoza kila mwaka. Anaomba moyoni, midomo inatikisika, sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi pale, anamtazama usoni, na bila kumuuliza neno anahitimisha kwamba mwanamke huyu amelewa. Tena anamkemea.

Angalia vizuri. Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kuhani, alikuwa mahali pa kazi yake, na macho yake yaliona kitu cha kweli: midomo ilikuwa inatikisika kweli. Kilichokosekana ni swali. Aliona ishara kwenye uso wa mwanamke akaipa maana aliyoizoea. Ninampendea Eli jambo moja: Hana alipojieleza, alisikiliza. Hakung'ang'ania. Papo hapo alibadilisha kauli na kumbariki aende kwa amani. Kanisa linaweza kubadilika kwa muda uo huo mfupi, likitaka.

Mimi swali langu lilikuja nikiwa na miaka 31, nimeolewa miaka minne, bila mtoto. Halikuja kanisani. Nilikuwa nimeenda hospitali ya kaunti kwa sababu ya kichwa kuuma. Muuguzi mmoja wa makamo akanifunga mkanda wa kupima presha, na alipoinama aliona shingo yangu. Hakushtuka, hakunihurumia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Mama, siku zako huja mara ngapi kwa mwaka?"

Nilinyamaza. Kwa miaka 15 nilikuwa nimepewa majibu mengi sana: uchafu, laana, pepo, imani haba, kiburi cha mwanamke asiyetaka kuzaa. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kunipa swali. Nililia pale pale mkanda ukiwa bado mkononi, na presha ikabidi ipimwe upya.

Sasa nikueleze kile daktari alinieleza, pamoja na niliyojifunza tangu siku ile, kwa lugha ya nyumbani.

Kila mwanamke ana homoni zinazoitwa androjeni. Iliyo maarufu ni testosteroni. Watu huziita homoni za kiume, lakini Mungu aliziweka kwetu sote. Hata estrojeni, ile tunayoiita homoni ya kike, mwili wa mwanamke huitengeneza kutokana na androjeni. Kwa hiyo kuwa nazo si ajabu. Shida ni zikizidi.

Zikizidi, zinafanya kazi yake mahali ambapo hatukuizoea. Kinyweleo laini cha kidevuni kinageuka kuwa unywele mgumu mweusi. Vivyo hivyo juu ya mdomo, kifuani, chini ya kitovu. Ngozi inatoa mafuta mengi, chunusi zinajaa kwenye taya na mgongoni. Nywele za utosini nazo zinaanza kupungua, mstari wa katikati unapanuka hadi dada anaanza kuishi ndani ya kilemba. Na kwenye ovari, mayai yanaanza kukua lakini yanakwama njiani, hakuna linalokomaa na kutoka. Yai lisipotoka, hedhi inapotea njia.

Kwa wanawake wengi wenye dalili hizi, chanzo ni hali moja ambayo wengi mmeona herufi zake mitandaoni: PCOS. Jina lenyewe linasema ovari zina vifuko vingi, na limewatia watu hofu bure. Vile si uvimbe wa kukatwa. Ni yale mayai yaliyokwama, kila moja ndani ya kijumba chake, yakionekana kwenye skani kama shanga zilizotungwa.

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika kuhusu wanawake 7 waliokuwa na ovari za aina hii. Hedhi zao zilikuwa zimepotea, na baadhi yao walikuwa na nywele nyingi mwilini. Lakini mapema zaidi, mwaka 1921, madaktari wawili wa Ufaransa, Achard na Thiers, walikuwa wameandika kuhusu kisukari cha wanawake wenye ndevu. Soma tena hapo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kuna watu walishaona kwamba ndevu za mwanamke na sukari ya damu vinaweza kutembea pamoja. Sisi bado tulikuwa tunakemea kidevu.

Vinatembeaje pamoja? Ukila, sukari inaingia kwenye damu, na kongosho hutoa insulini. Insulini ni kama mtu anayebisha hodi mlangoni ili sukari iingie kwenye misuli. Kwa wanawake wengi wenye hali hii, misuli ni kama imeziba masikio. Haisikii hodi. Kongosho inaongeza sauti, inatoa insulini nyingi zaidi, inabisha kwa nguvu. Misuli inasikia kwa shida, lakini ovari haijaziba masikio. Ovari inasikia kelele yote, na inaitikia kwa kutengeneza androjeni zaidi. Wakati huo huo ini linapunguza protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni isizurure kwenye damu. Kwa hiyo testosteroni imeongezeka, na mlinzi amepungua.

Na ule weusi wa shingo ambao shangazi aliusugua kwa dodoki? Ndiyo alama ya insulini nyingi kwenye ngozi. Dodoki haliwezi kufika huko. Na wewe unayepakwa krimu za kujichubua ili shingo ing'ae, unaharibu karatasi na barua bado haijasomwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii iko kwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Hesabu ya haraka, mpendwa. Jumapili kanisani kwetu wakiketi akina dada 100 wa umri huo, yapata 10 wanaibeba, na pengine 7 kati yao hawajui inaitwaje. Hao si watu wa mbali. Ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Ni yule wa mlangoni anayekuonyesha kiti.

Wengine mtaniambia, "Mchungaji, kwao mama yake pia alikuwa nazo, hiyo ni laana ya ukoo." Nisikilize vizuri. Ni kweli hali hii hutembea kwenye koo. Ukoo hurithisha pua, hurithisha kimo, hurithisha mwanya, na hurithisha hii pia. Tusimfungue mtu minyororo ya babu kwa kitu kilichokuja pamoja na umbo la masikio yake.

Kwa nini nimeamua kusema haya wazi, nikijua kesho yatazungumzwa sokoni? Kwa sababu aibu inaficha zaidi ya nywele.

Siku ile hospitalini daktari hakuridhika na kuangalia kidevu. Alinipima sukari. Nilikunywa glukosi, nikasubiri saa mbili, nikatolewa damu tena. Nilikuwa nimekaribia kisukari, kwa miaka 31, nami nilidhani tatizo langu ni wembe. Mwanamke mwenye hali hii ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari. Akishika mimba, ana hatari zaidi ya kupata kisukari cha ujauzito na presha ya ujauzito, ndiyo maana ni lazima aiambie kliniki mapema. Na hedhi ikikaa miezi bila kuja, ukuta wa ndani wa kizazi unaendelea kujijenga bila kusafishwa, na kwa miaka mingi hilo huongeza hatari ya saratani ya kizazi upande wa ndani. Si wengi wanaoipata, lakini inazuilika, na kwa nini afe mtu kwa jambo linalozuilika?

Tena kuna moyo. Huzuni nzito na wasiwasi huwapata wanawake hawa zaidi kuliko wengine. Unapomwona dada amejitenga, ameacha kwaya, ameanza kuja ibada ikiwa katikati na kuondoka kabla ya baraka, usikimbilie kusema amerudi nyuma kiroho. Huenda anakimbia macho yako.

Sasa tufanye nini? Niende polepole hapa, wenye kalamu mwandike.

Kwanza, hesabu siku zako. Kwa mwanamke mzima, hedhi ikija chini ya mara 8 kwa mwaka, au mwezi wako ukipitiliza siku 35 mara kwa mara, mwambie daktari. Ikipita siku 90 bila kuja na huna mimba, usingoje mwaka uishe. Binti mdogo aliyevunja ungo juzi huwa na hedhi ya kuyumba kwa muda, hiyo ni kawaida, na kwake skani ya ovari haitumiki kutafuta hali hii. Lakini akiwa na miaka kadhaa bado inayumba, na nywele na chunusi nzito zimekuja, mama mpeleke.

Pili, usijipime kwa kioo. Kuna wanawake wenye nywele kidogo usoni na homoni zao ziko sawa kabisa. Daktari ataangalia mambo matatu: hedhi au utokaji wa mayai, dalili au kipimo cha androjeni, na ovari kwenye skani. Ukiwa na mawili kati ya hayo matatu, na magonjwa mengine ya kufanana yameondolewa kwenye hesabu, kama ya tezi ya shingoni au ya tezi zilizo juu ya figo, ndipo jina linatajwa. Na usiseme "mimi ni mwembamba, si yangu." Wembamba nao wanaipata.

Tatu, na hili usilingoje. Nywele zikitokea ghafla na kuongezeka kwa miezi michache, sauti ikawa nzito, misuli ikajaa, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Hapo daktari anataka kuhakikisha hakuna uvimbe unaotoa homoni.

Nne, kubali matibabu yaliyopo. Hakuna kidonge kimoja kinachong'oa hali hii ikaisha, lakini inatulizwa, na inatulizwa vizuri. Kutembea, kazi ya mwili, kupunguza soda na sukari, kujaza sahani sukuma wiki na maharage, usingizi wa kutosha: haya yanasaidia misuli izibue masikio. Kuna metformini, dawa ile ile wanayopewa wenye kisukari. Kuna vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo hupunguza androjeni na kuleta hedhi kwa mpango. Kuna spironolaktoni ya kupunguza nywele, lakini hiyo usiitumie bila kinga ya mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kwa anayetafuta mtoto, kuna letrozoli ya kusaidia yai likomae na kutoka, na wengi hufanikiwa. Dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari kwa jina lako na hali yako. Usimeze za jirani.

Na uwe na subira. Dawa ya nywele huhitaji yapata miezi 6 kabla ya kuonyesha kazi yake. Usiiache mwezi wa pili ukasema imeshindwa. Wakati unangoja, nyoa bila hatia. Ni uongo kwamba kunyoa kunazifanya ziwe nyingi au nene. Wembe hukata juu, haufiki kwenye mzizi.

Acha nikae kidogo kwenye vile vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu hapo ndipo makanisa yetu hukwama. Binti wa miaka 19, hajaolewa, anatunza mwili wake, ameandikiwa vidonge hivyo ili hedhi irudi na kizazi kisafishwe. Mama anavikuta chini ya mto. Kabla jua halijatua habari imefika kwa wazee, na binti ameondolewa kwenye kwaya kwa uzinzi ambao hakuufanya. Mama, muulize mtoto kwanza. Mzee wa kanisa, uliza kwanza. Swali moja la upole lingemtunza binti huyo kanisani.

Kwenu waume. Mume wangu aliniona nikinyoa mwezi wa kwanza wa ndoa, nilipodhani amelala. Hakusema kitu. Jioni alirudi na pakiti mpya ya wembe, akaiweka juu ya kabati, akasema hiyo ya zamani ilikuwa butu, itanikata. Kaka yangu, kuna mahubiri ambayo hayafiki kwa ile pakiti. Mkeo hajageuka mwanamume. Kama hajashika mimba, nendeni wote wawili mkapimwe, kwa maana si kila ukosefu wa mtoto uko kwa mwanamke. Na mama mkwe, nakuheshimu mama yangu, lakini kabla hujamtafutia mwanao mke wa pili, mpe huyu wa kwanza nauli ya hospitali.

Kwenu watumishi wenzangu. Ninaamini uponyaji. Nimeweka mikono juu ya wagonjwa, nimeona Mungu akitenda, na nitaendelea kuweka. Lakini mkono uliowekwa kichwani unaweza pia kuelekeza njia ya kliniki. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, katika Injili ya Marko, alikuwa amemaliza mali yote kwa waganga. Yesu hakumlaumu kwa kuwa alitafuta matibabu, wala hakumkemea kama pepo. Alisimama katikati ya umati uliokuwa unasukumana, akamsubiri aseme ukweli wake wote, kisha akamwita binti. Mbele ya watu wote akampa jina la heshima. Tumwige hapo. Asisimame mtu kwenye madhabahu yetu kumtaja mwanamke kidevu. Asije mtu kumwambia dada atupe dawa ndiyo aonyeshe imani. Na zile chupa za mitishamba za kusafisha kizazi zinazouzwa baada ya ibada kwa elfu kadhaa, zisiingie kwenye kiwanja cha kanisa.

Ushuhuda wangu? Baada ya miaka miwili ya matibabu Mungu alitupa binti. Nilipomleta kanisani mlishangilia, mlicheza, wengine mlitupa leso juu. Nashukuru. Lakini kuna ushuhuda mwingine ambao hakuna aliyeupigia makofi: mwaka huo huo sukari yangu ilirudi mahali pake, na nimeendelea kupimwa tangu hapo. Sisi tunapenda ushuhuda unaoishia kwa mtoto. Basi dada ambaye hakupata mtoto ashuhudie nini? Ashuhudie kwamba yuko hai. Kwamba figo zake na macho yake viko salama. Kwamba ameacha kujificha. Hiyo nayo ni kazi ya Mungu, na Jumapili ijayo nataka tuipigie vigelegele.

Na ndevu bado zinaota. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utolewe, haukutolewa, na sijawahi kusikia mtu akisema Paulo alikuwa na imani haba. Neema ilimtosha na mwiba ukiwepo. Mimi pia imenitosha, na ninahubiri nikiwa na kidevu hiki hiki.

Dada, kazi yako wiki hii ni moja. Chukua karatasi, andika tarehe za hedhi unazokumbuka, andika dalili zako, andika nani kwenu ana kisukari. Peleka karatasi hiyo kituo cha afya na uombe pia kipimo cha sukari. Ukiogopa kwenda peke yako, niandikie ujumbe wa siri, nitakutafutia mama wa kukusindikiza. Usiandike hali yako hapa hadharani kama hujawa tayari. Andika tu Amina, nami nitaelewa.

Tuombe.

Baba, unamjua kila binti yako, na hesabu ya nywele zake ziko kwako, hata zile anazozionea aibu. Inua kichwa chake. Wape madaktari na wauguzi wetu macho ya kuona na ulimi wa upole. Mpe nauli asiye nayo, mpe dawa anayeikosa. Mfariji anayesubiri mtoto, na umtunze ambaye hatampata, asihesabiwe pungufu katika nyumba yako. Na sisi tulio kanisani, tufunge midomo pale tunapotaka kuhukumu, uifungue tujifunze kuuliza. Kwa jina la Yesu.

Amina. Mtumie dada mmoja ujumbe huu, kwa siri. Nawapenda, na muwe na wiki yenye amani.